Pauni 1,700 kwa mlango mmoja

Bei tuliyolipa mwisho wa yote ilikuwa pauni 1,700, kodi ndani, kufunga ndani, na mlango wa zamani mafundi wakaondoka nao. Nilipomtajia kaka yangu wa Tanga kwenye simu alinyamaza kidogo, akazigeuza kwa shilingi, kisha akapiga ukelele. "Zaidi ya milioni tano na nusu? Mlango wa mbao gani huo?" Nikamwambia si wa mbao. Basi akaona dada yake ndiyo kapotea moja kwa moja. Sisi tumekulia kwenye karakana ya baba, kati ya vumbi la mninga na mvule, na kwa akili zetu mlango kama si wa mbao basi ni wa chuma. Hakuna wa tatu.

Hapa Uingereza wa tatu upo, na wa nne, na wa tano. Unaoitwa mlango wa kompositi, yaani wa ganda la faibaglasi lenye povu au mbao katikati, ndio umeshamiri kwenye nyumba za watu wa kawaida. Mtaa wetu wa Coventry una nyumba za miaka ya 1930, zilizoungana mbilimbili, na ukitembea kutoka kituo cha basi hadi kwetu utaiona mingi tu: ya kijivu cha mkaa, ya kijani kilichopauka, ya buluu, imepigwa chapa ya mishipa ya mbao hadi ukiwa ng'ambo ya barabara unaapa kuwa ni mbao. Kila jirani akibadilisha, wauzaji wanamwaga vipeperushi mtaa mzima. Nasi tukaanza kuulizana, mimi na Baba Zuhura, kama pesa hiyo inastahili au ni mambo ya kushindana na majirani.

Mlango tuliourithi na nyumba ulikuwa wa mbao laini, una kioo kimoja chembamba juu, kitasa kimoja cha kujifunga chenyewe, na tundu la barua lenye kifuniko cha shaba kilicholegea. Upepo ukivuma kile kifuniko kilikuwa kinagonga usiku kucha kama kuna mgeni. Mama alipokuja kututembelea Januari, usiku wa kwanza tu alikunja kanga akaisukumia chini ya mlango, na asubuhi akaniuliza kama waliojenga nyumba hii hawakujua kwamba baridi inapita chini. Sikuwa na jibu. Kanga ile ilikaa pale hadi alipoondoka, na baada ya yeye kuondoka nikaweka nyingine.

Muuzaji wa kwanza alikuja jioni, akakaa hadi watoto wakaenda kulala. Alikuwa na kompyuta ndogo ya mkononi yenye picha ya nyumba yetu, anabadilisha rangi ya mlango kwa kidole, na kwa kweli picha ilipendeza. Bei yake ikaanza pauni 3,100. Tulipoguna ikashuka hadi 2,400. Kisha akatoka nje "kumpigia bosi", akarudi na 1,950, ila tusaini usiku uleule, kwa sababu kesho bosi hatakubali. Hoja yake kubwa ilikuwa joto: kwamba bili yetu ya gesi inatokea mlangoni, na kwamba mlango utajilipa wenyewe. Mume wangu akamwambia tutalifikiria. Akafunga kompyuta kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa.

Kuhusu kusaini usiku uleule, jambo moja ni vizuri likajulikana. Sheria ya hapa, kanuni za mwaka 2013, inampa mnunuzi siku 14 za kuvunja mkataba alioufanyia nyumbani kwake. Wengi wetu tunasikia hivyo tunasaini kwa raha, tukijua tutabatilisha. Lakini kitu kilichotengenezwa kwa vipimo na matakwa ya mteja hakimo katika haki hiyo, na mlango wa kompositi unatengenezwa kwa vipimo vya tundu la ukuta wako. Muuzaji wetu alizitaja siku 14 kwa sauti. Hilo la pili hakuligusa.

Suala la joto lilinikaa kichwani, nikaamua kulipigia hesabu mwenyewe. Uwezo wa kitu kuzuia joto hapa wanaupima kwa kipimo wanachokiita U, yaani wati ngapi za joto zinapita katika mita moja ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Mlango wa mbao wa zamani kama wetu unakadiriwa kuwa 3 hivi. Kanuni za ujenzi za England tangu Juni 2022 zinataka mlango unaobadilishwa usizidi 1.4. Tofauti ni 1.6. Mlango wetu na fremu yake ni kama mita mbili za mraba, kwa hiyo tutaokoa wati 3.2 kwa kila nyuzi. Nikachukulia kwamba ndani kuna joto kuliko nje kwa wastani wa nyuzi 11, kuanzia Oktoba hadi Aprili, usiku na mchana, kama saa 5,000. Inakuja uniti 176. Gesi wakati huo tulikuwa tunalipa peni 6 na ushee kwa uniti, na boila nayo inapoteza kidogo njiani. Jibu lake ni kama pauni 13.

Pauni 13 kwa mwaka. Mlango wa pauni 1,700 ungejilipa baada ya miaka 130, na dhamana yake ni miaka 10.

Nilimwonyesha Baba Zuhura karatasi, akaisoma mara mbili, akasema basi mjadala umekwisha, tununue kanga nyingine. Lakini haukwisha, maana baridi tuliyokuwa tukiisikia sebuleni haikuwa ya pauni 13. Ile hesabu inahusu joto linalopenya kwenye ubao wenyewe. Baridi iliyokuwa ikitutesa ilikuwa upepo unaopita pembeni, chini na kwenye tundu la barua, na upepo huo hauzuiwi na unene wa mlango. Unazuiwa na kuziba nyufa.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Alianza kama tulivyoanza wote, kubeba boksi kwenye ghala, kisha akajifunza kufunga madirisha na milango na sasa ndiyo kazi yake. Alikuja Jumapili na begi lake. Akapigilia ukanda wa alumini wenye brashi chini ya mlango, akabandika mpira kuzunguka fremu yote, akaweka tundu la barua lenye brashi mbili na kifuniko cha springi kwa ndani. Vifaa vyote havikufika pauni 60, na yeye alilipwa kwa pilau. Usiku ule upepo wa baridi, ule unaokupiga vifundoni ukikaa kwenye sofa, ulikuwa umeondoka karibu wote.

Na serikali yenyewe inaonekana kuhesabu kama mimi. Ukimwita fundi akuzibie nyufa za upepo, kazi hiyo imo katika orodha ya vitu vya kuokoa nishati na VAT yake ni sifuri hadi mwisho wa Machi 2027. Mlango mpya haumo katika orodha. Unaulipia VAT yote, asilimia 20.

Kwa hiyo mtu mwenye mlango wa mbao ulio mzima, anayesumbuliwa na baridi tu, mimi ningemwambia aishie hapa. Brashi, mpira, tundu la barua jipya. Kama anahofia wezi, amwite fundi aongeze kitasa cha kuzamishwa ndani ya ubao chenye alama ya BS 3621, ambacho kampuni za bima wanakitambua, na pesa iliyobaki aipeleke kwenye dari, ambako nako joto jingi linakimbilia.

Wetu haukuwa mzima. Shemeji alipokuwa akipima ukanda wa chini alichomeka bisibisi kwenye ubao wa chini, upande wa bawaba, ikazama hadi karibu na mpini. Aliichomoa, akaichomeka sentimita chache pembeni, ikazama tena. Maji ya mvua yalikuwa yameingia miaka na miaka kwenye kiungo cha ubao, na rangi ya juu imekaa nzuri tu kama hakuna kilichotokea. Mwimo wa fremu nao upande uleule ulikuwa umeanza kulainika kwenye kizingiti. "Shemeji," aliniambia, "huu unaweza kuukatia kipande ukaunga, utakupa miaka miwili mitatu. Lakini kitasa unakishikiza wapi?" Akagonga kwa vifundo vya vidole kuanzia chini kwenda juu, sauti ikabadilika kutoka ya kibuyu hadi ya mbao. Baba yangu alikuwa akigonga hivyohivyo kabla hajanunua ubao sokoni.

Hapo swali likabadilika. Halikuwa tena la kuokoa bili. Lazima tupate mlango, sasa upi?

Tulikuwa na njia nne. Mlango wa plastiki ngumu ya PVC, ambao kwa makadirio tuliyopewa ulikuwa pauni 800 hadi 950 pamoja na kufunga. Kompositi, pauni 1,400 hadi 2,000 ukiwaondoa wale wa "bei ya leo tu". Mbao ngumu ya kuchongewa, na fremu yake, ilianzia 2,200 kwa fundi mmoja mzuri aliye nje kidogo ya mji. Alumini ilikuwa juu zaidi, hatukuisogelea.

Moyo wangu ulikuwa kwa yule fundi wa mbao, sitaficha. Karakana yake ina harufu ninayoijua. Lakini mlango wetu unatazama kusini-magharibi, hauna kibaraza cha kuukinga, na mvua ya huku inakuja ya mshazari. Mbao pale inataka msasa na rangi kila baada ya miaka michache, na katika nyumba yetu hakuna wa kuifanya kazi hiyo. Baba Zuhura anaingia zamu za usiku, mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mlango uliokuwepo uliozea hapo hapo kwa sababu hiyo hiyo, wenyewe waliotutangulia hawakuwa na nafasi.

Kwa PVC, shemeji hakuwa na neno baya. Watu wanaidharau kwa kuwa inaonekana ya bei rahisi, lakini haiozi, na ikipata kitasa kizuri inafungika vizuri. Udhaifu wake ni kwamba ubao wa chini mara nyingi ni paneli nyembamba iliyoshikiliwa kwenye fremu kwa vijiti vya plastiki. Akanionyesha kwa jirani, kwa ruhusa yake: ukiisukuma kwa goti katikati unaisikia inabonyea.

Kisha akatoa kwenye gari pembe ya mlango wa kompositi iliyokatwa, sampuli ya kazini, ukubwa wa tofali. Ukiitazama pale ilipokatwa ndipo unapoelewa unachouziwa. Nje na ndani kuna ganda la faibaglasi la milimita mbili hivi, limepigwa chapa ya mishipa. Katikati, kwenye ile ya kwanza, kuna povu gumu la manjano. Akatoa ya pili: katikati ni mbao, tabaka zimegundishwa zikipishana, unene wa milimita 44 zikiwa na ganda lake. Nikaipima kwa mkono, nzito. Ukipima kwa joto, ya povu inashinda. Ya mbao inashinda kwa ugumu na kwa ule mlio wa kufunga. Zote mbili zinakaa ndani ya fremu ya PVC yenye chuma ndani, na zinafungwa kwa kitasa chenye ndoano juu na chini na ulimi katikati, vyote vinatoka kwa pamoja ukiinua mshikio.

Nilimwuliza shemeji ni kitu gani kwenye mlango wote huo kinachomzuia mwizi. Hakuonyesha ubao wala ndoano. Alionyesha silinda, kile kipande unachotia ufunguo. Wezi wa hapa walishagundua zamani kwamba silinda za bei rahisi zinavunjika katikati, na zikivunjika mlango wote na ndoano zake haufai kitu. Nyumba moja ya mtaa wetu iliibiwa kwa njia hiyo, mlango wa PVC mzima kabisa, umebaki na tundu tu mahali pa silinda. Kuna kiwango kinachoitwa TS 007, na silinda bora ina nyota tatu zimechongwa usoni. Nyingine ina nyota moja na inahitaji mshikio wa nyota mbili ili kutimiza tatu. Silinda ya nyota tatu inauzwa pauni 40 hadi 60, na kuibadilisha ni skrubu moja ndefu kwenye ubavu wa mlango.

Yaani ulinzi mwingi wa mlango wa pauni 1,700 unakaa kwenye kifaa cha pauni 50, na kifaa hicho unaweza kukitia hata kwenye mlango wa 900. Katika makadirio matatu tuliyoletewa, mawili hayakuandika silinda ni ya nyota ngapi. Moja lilikuwa la bei ya juu kuliko yote. Tukawaandikia wote watupe majibu kwa maandishi: silinda, kama mlango pamoja na fremu umepimwa kwa kiwango cha PAS 24, kile cha kustahimili wavunjaji, na kama una alama ya Secured by Design, ule mpango wa polisi ulioanza 1989. Mmoja hakujibu, na kutojibu kwake kulitupunguzia kazi.

Tulichagua kompositi yenye mbao katikati. Kwa nini tuliongeza zile pauni 800 juu ya PVC? Sababu ni mbili, na moja si ya kihesabu. Ya kihesabu ni ugumu wa ubao wenyewe, kwa mlango unaopigwa na watoto watatu, baiskeli na mikoba ya sokoni, huku mimi nikilala ndani peke yangu na watoto usiku mwenye nyumba akiwa zamu. Ile paneli inayobonyea kwa goti niliikataa. Ya pili ni kwamba niliutaka. Mlango wa mbele mtoto wa pwani hauchukulii kama kifuniko cha tundu. Ukienda Pangani au Unguja utaona nyumba imechakaa ukuta mzima, na mlango bado unapakwa mafuta. Mwenye kuona hiyo si sababu ya kutoa pauni 800, namwelewa, achukue PVC na silinda ya nyota tatu, wala hatakuwa amepungukiwa.

Rangi nayo ilikuwa na mzozo wake. Zuhura alitaka nyeusi. Jirani yetu mmoja ana mlango mweusi wa povu, unatazama kusini, na Julai 2022, wiki ile Uingereza ilipofika nyuzi 40.3 kule Coningsby, mlango wake ulijikunja kwa jua. Ganda la nje lilitanuka, la ndani likabaki palepale, katikati ukabinuka kidogo tu, lakini kidogo hicho kilitosha kuzifanya ndoano zisiingie kwenye matundu yake. Kuanzia mchana hadi jioni alikuwa akipitia mlango wa nyuma, na usiku ukipoa mlango unafunga kama kawaida. Fundi akija asubuhi anakuta hauna tatizo. Shemeji alisema povu, rangi nyeusi na jua la mchana kutwa ni vitu vitatu ambavyo yeye havikutanishi. Tukachukua kijani kilichopauka. Zuhura alinuna hadi rafiki yake mmoja alipousifu.

Siku ya vipimo nilikaa mlangoni na fundi kwa sababu ya miguu ya mama. Fremu ya kawaida ina kizingiti cha plastiki kirefu, na mama magoti yake hayanyanyuki. Kuna kizingiti cha chini cha alumini, lakini usipokitaja hukipati, kwa sababu kinaongeza gharama. Tena fremu mpya ya PVC ni nene, milimita 70 kila upande, kwa hiyo nafasi ya kupita inapungua kuliko ulivyozoea na mlango wa mbao. Kama una kabati au friji ya kuingiza, pima kwanza. Na mlango huu haupigwi randa. Wa mbao ukikwaruza sakafu baba alikuwa anautoa, anaupitisha randa, anaurudisha kabla chai haijapoa. Wa kompositi ukikosewa vipimo unarudi kiwandani, au unarekebishwa kwa bawaba tu.

Malipo ya awali tulilipa kwa kadi ya mkopo, hata ingawa pesa tulikuwa nayo benki. Sheria ya mikopo ya 1974, kifungu cha 75, inaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, hata kama kwa kadi umelipa sehemu tu. Kampuni za milango zinafilisika, na ukiwa umelipa taslimu unabaki na risiti. Baada ya kufunga, dai cheti cha FENSA au cha chombo kingine kama hicho, au cha halmashauri. Kinaonyesha kuwa kazi imefuata kanuni, na siku ya kuuza nyumba wakili wa mnunuzi atakiulizia.

Sasa tunaishi nao. Kelele za basi zimepungua sana, faida ambayo hakuna muuzaji aliyeitaja. Tundu la barua ni gumu hadi magazeti ya bure yanakwama nusu nje nusu ndani. Kufunga kunahitaji kuinua mshikio, kisha kugeuza ufunguo. Ukisukuma tu mlango unashika ulimi mdogo na ndoano zinabaki zimelala. Wageni hawajui. Watoto wanajua na hawafanyi. Fundi alituonya kwamba mlango unaoachwa hivyo siku nyingi unaweza kupinda taratibu, kwa kuwa kinachoushika ni kitu kimoja katikati, kwa hiyo nimebandika karatasi ukutani: INUA KWANZA. Kwa ndani tuliweka kitasa cha kugeuza kwa vidole, ili moto ukitokea usiku mtu asihangaike kutafuta funguo. Miezi michache baada ya kufungwa mshikio ukawa mzito. Fundi alikuja na ufunguo mdogo wa pembe sita, akazungusha bawaba robo mzunguko, akaondoka bila kudai kitu.

Ambalo sikulitarajia ni unyevu. Mlango wa zamani ulikuwa unaipumulisha nyumba bila sisi kujua. Baridi ya kwanza na huu mpya, kona ya ukumbi nyuma ya makoti ikaota ukungu mweusi. Nyumba yetu inapikwa kila siku, nguo zinaanikwa ndani, na udi ukifukizwa Ijumaa unakaa hadi Jumapili. Sasa dirisha la jikoni linafunguliwa wakati wa kupika, hata kukiwa na theluji.

Rafiki yangu anayekaa ghorofani London alipouona aliutaka uleule. Kwake habari ni nyingine kabisa. Mlango wa kuingilia fleti unaofunguka kwenye korido ya pamoja ni mlango wa moto. Unatakiwa uzuie moto dakika 30 na ujifunge wenyewe, na mara nyingi si mali ya anayeishi humo. Baada ya moto wa jengo la ghorofa la Grenfell, hapo London, wa Juni 14, 2017, ulioua watu 72, wachunguzi walijaribu mlango mmoja wa kompositi kutoka jengo lile, na mwezi Machi 2018 serikali ikatangaza kwamba ulistahimili dakika 15 badala ya 30. Tangu Januari 2023, kwenye majengo ya England yanayozidi mita 11, anayehusika na jengo anatakiwa kukagua milango ya fleti kila mwaka. Nikamwambia asimlipe mtu hata peni moja kabla hajamwandikia mwenye jengo.

Kwetu kimebaki kitu kimoja. Muda wote tulipokuwa tukibishana kuhusu faibaglasi na povu, mlango wa nyuma, unaotazama kichochoro chenye giza, ulikuwa na silinda ya zamani iliyochomoza nje ya mshikio wake. Shemeji ndiye aliyeiona, akiwa anakula bustanini. Nimenunua ya nyota tatu, pauni 48, ufunguo wake nikachagua uwe mmoja na wa mbele. Mlango wenyewe ni PVC ya zamani, paneli inabonyea, nao utasubiri.